Opera «Justice»: nani atajibia vifo vya Kabwe?

Opera ni mchezo wa jukwaani ambamo karibu maneno yote yanaimbwa. «Justice» ilionyeshwa kwanza Genève, Uswisi, mwezi wa kwanza 2024. Muziki ni wa Hèctor Parra, maneno ni ya Fiston Mwanza Mujila wa Lubumbashi, na Milo Rau ndiye aliongoza mchezo.

Inasimulia jambo la kweli: mwaka 2019, kule Kabwe, Katanga, kamyo yenye kubeba asidi ya migodi iligongana na bisi. Asidi ikamwagikia watu, wengi wakafa. Ni nani wa kujibu: dereva, ao wenye mali?

Rau tunamujua hapa Bukavu. Mwaka 2015 alileta mahakama ya mchezo, ikasikiliza mashahidi wa mauaji ya Mutarule. Haikuwa na uwezo wa kufunga mutu, lakini mashahidi walisema mbele ya watu wote.