Mwili, Nchi na Gazeti: Kutoka Vuga hadi Operesheni Vijana

Washambaa wa milima ya Usambara walikuwa na maneno mawili ya kuupimia utawala: kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mwanahistoria Steven Feierman aliyachambua katika kitabu chake cha mwaka 1990. Mfalme aliyeketi Vuga alipimwa kwa mvua, kwa chakula na kwa uzima wa watu wake. Tuvipime vyombo vya habari kwa kipimo hicho: vinaijenga miili yetu au vinaiharibu?

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1, 1969. Sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua vilipigwa marufuku kwa jina la utamaduni wa taifa. Kumrudishia Mwafrika heshima ya rangi na nywele zake baada ya ukoloni lilikuwa lengo halali. Njia ndiyo iliyokosewa. Jijini Dar es Salaam, vikundi vya vijana viliwashambulia wanawake barabarani. Magazeti, kwa upande wake, yalifungua kurasa za barua, na wasomaji wakabishana: utamaduni ni nini, nani mwenye kuuamua, na kwa nini ulindwe juu ya mwili wa mwanamke? Mjadala huo ulifundisha kuliko amri.

Operesheni ilipita, mkorogo ukabaki, pamoja na zebaki ambayo, ikiwamo katika krimu, hudhuru figo.

Mwaka 2007 Flaviana Matata aliiwakilisha Tanzania katika Miss Universe nchini Mexico akiwa amenyoa nywele, akaingia kumi bora. Kichwa tulichokizoea kwa wasichana wa shule kikaonekana magazetini kuwa kichwa cha mrembo. Hakuna aliyelazimishwa wala kushambuliwa. Ni kweli kwamba mashindano hayo nayo yana vipimo vyake. Hata hivyo, picha ile ilipanua maana ya uzuri.

Leo binti wa Lushoto hukutana na sura zilizorembwa kwa programu za simu kabla hajatoka nyumbani. Sheria na izuie sumu. Hiyo ni kazi ya serikali. Wahariri na watangazaji nao waoneshe watu kama walivyo, na wawape wenye miili hiyo nafasi ya kusema. Hiyo ndiyo kuzifya shi ya zama zetu.