Mpira Mwembamba wa Maji ya Moto

Mtu akifungua boneti ya gari lililoundwa Japani katika miaka ya 1990, akaifuata kwa jicho njia ya hewa tangu kwenye kichujio chake, ataikuta throto, yaani kile kipande cha aluminiamu chenye kipepeo kinachofunguka kwa kadiri ya mguu wa dereva. Na pembeni mwake ataona mipira miwili myembamba, mmoja ukileta maji ya moto ya injini na wa pili ukiyarudisha. Kwa mwenyeji wa Mombasa au Dar es Salaam jambo hilo hufanana na mzaha, kwani hewa inayopashwa moto hapo ina harara yake tangu alfajiri.

Asili ya mipira hiyo ni kabureta. Mwaka 1893, Wilhelm Maybach alipobuni kabureta ya kunyunyiza huko Ujerumani, na Donát Bánki na János Csonka wa Budapest walipobuni yao, petroli ilianza kugeuzwa ukungu katika koo jembamba lipitalo hewa kwa kasi. Na madhali petroli haigeuki mvuke ila kwa kunyang'anya joto la kilicho karibu nayo, kama spiriti ipozavyo ngozi ya mgonjwa kabla ya sindano, hewa hiyo huweza kupoa kwa nyuzi 20 na zaidi. Kwa hiyo barafu hushika ndani ya kabureta hata siku isiyo ya baridi, ilimradi unyevu ni mwingi: injini hukohoa, huzimika, kisha joto la chuma likiisha kuiyeyusha barafu huwaka tena kana kwamba haikuwa na ila. Fundi aitwapo, hukuta ushahidi umekwisha kuwa maji.

Ford Model T, iliyotoka mwaka 1908, ilikuja kuwa na bomba la kuchota hewa iliyopashwa na ekzosi. Lakini funzo lilikuwa zito zaidi angani. Usiku wa tarehe 10 Mei 1927 rubani Charles Lindbergh, akiruka kutoka San Diego kwenda St. Louis, alisikia injini yake ikikohoa juu ya milima. Alipowasili New York ikatiwa kipasha-joto cha kabureta, na siku chache baadaye akavuka Atlantiki nacho hadi Paris.

Mwaka 1967 Volkswagen 1600 ilipotoka na mfumo wa Bosch wa kunyunyiza petroli kwa umeme, karibu na valvu, huenda mtu angedhani kisa kimekwisha. Hakikwisha, kwa kuwa kipepeo kilichofungwa nusu bado hupoza hewa kidogo, na mvuke upumuao kutoka tumbo la injini hubeba maji yawezayo kukigandisha katika baridi ya Hokkaido au Kanada. Ndiyo maana waundaji wengi waliizungushia throto maji yaleyale ya rejeta.

Wapenda mbio nao hudai kwamba hewa baridi ni nzito, basi kuiruka throto, kwa kuunganisha mpira uletao na ule urudishao, huongeza nguvu. Kauli ya kwanza ni kweli tupu. Ya pili haistahimili hesabu. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 6000 kwa dakika humeza karibu lita 100 za hewa kila sekunde, na hewa hiyo huipita throto katika milisekunde mbili hivi: haipati wasaa wa kupata joto la maana.

Mafundi wetu huiruka kwa sababu iliyo bora zaidi, nayo ni mpira uliopasuka unaomwaga maji, na huku Pwani, ambako hakuna barafu ya kuogopwa, siwalaumu. Ila katika injini nyingi za Toyota za zama hizo maji yaleyale hupasha kidonge cha nta ambacho, kikitanuka, huziba njia ya hewa ya ziada ya asubuhi. Yakikatwa, nta hukawia kutanuka au haitanuki vya kutosha, na mwenye gari hurejea gereji kesho yake kulalamika kwamba silensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, imepanda na haishuki.