Fargo: Vile Muvi Kali ya 1996 Iligeuzwa Tamthilia na Bado Ikabamba

Kugeuza muvi inayopendwa kuwa tamthilia ya TV ni pata potea. Fargo imeonja zote mbili: kupotea kwanza, kupata baadaye.

Muvi yenyewe
Ilitoka 1996, kazi ya mabrathe wawili wa Marekani, Joel na Ethan Coen. Jerry, muuza magari aliyelemewa na shida za ganji, anatuma majambazi wawili wateke bibi yake nyara ili baba mkwe alipe. Mambo yanaenda mrama, watu wanadedi, na karao mjamzito, Marge Gunderson, anaingilia kesi. Frances McDormand alibeba Oscar kwa kuigiza Marge. Skripti pia ikabeba.

Jaribio la kwanza
1997, Kathy Bates aliongoza kipindi cha majaribio. Marge alikuwa yule yule, ila sasa anaigizwa na Edie Falco. Haikuendelea. Kipindi kilikaa kabatini hadi 2003 ndio kikaonyeshwa.

Noah Hawley akabadilisha mchezo
2014, Hawley aliileta tena kwa stesheni ya FX. Hakumrudisha Marge wala Jerry. Alibaki na theluji ya Minnesota, watu wapole kupita kiasi, msee wa kawaida anayefanya uamuzi mmoja mbaya, na yale maandishi ya mwanzo yanayodai stori ni ya kweli (zii, ni ya kutunga).

Stori ilikuwa mpya kabisa. Lester, muuza bima anayedharauliwa na kila mtu (Martin Freeman), anapatana na muuaji Lorne Malvo (Billy Bob Thornton). Uzi mmoja tu unaishikanisha na muvi: zile pesa zilizofukiwa kwenye theluji, hapa kuna mtu anazipata.

Vipindi 10 vilitosha kushinda Emmy ya tamthilia fupi bora mwaka huo huo.

Kwa nini ilishika?
Ukimpa mtu sura mpya ya Marge, atamlinganisha na McDormand usiku kucha. Ukimpa stori mpya, hana cha kulinganisha, anaangalia tu. Ndio maana kila msimu unaanza upya: wa 2 uko 1979, wa 4 uko 1950 na Chris Rock ndani. Wa 5 uliisha Januari 2024.

Uanzie wapi?
Anza na muvi, halafu msimu wa 1. Ukifika kwa hizo pesa, utajua zimetoka wapi.