Chikanda na Maua ya Kitulo

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa rasmi mwaka 2005, na upekee wake uko katika sababu ya kuanzishwa kwake. Serengeti, Ruaha na Mikumi zilitengwa kwa ajili ya wanyama. Kitulo ilitengwa kwa ajili ya maua, jambo ambalo halikuwa limefanyika kokote katika Afrika ya kitropiki. Ni kilomita za mraba zipatazo 413 za majani na mabonde yenye unyevu, kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Hapo zimehesabiwa aina 350 hivi za mimea, na 45 kati yake ni okidi zinazoota ardhini. Wenyeji huita mahali hapo Bustani ya Mungu. Lakini hifadhi hii haikuzaliwa kwa sababu ya uzuri wa maua peke yake. Ilizaliwa kwa sababu viazi vilivyo chini ya maua hayo vilikuwa vikichimbwa na kuvushwa mpaka kwenda kuliwa Zambia. Ninadai kwamba ulaji wenyewe haukuwa tatizo kwa muda mrefu, na kwamba okidi zilianza kwisha pale mlaji alipotengana na bonde linalomlisha. Kama dai hilo ni kweli, kulinda eneo ni nusu tu ya kazi.

Ili kuona uzito wa jambo hili, lazima kwanza tuelewe mmea unavyoishi. Okidi za Kitulo si zile zinazong'ang'ania magome ya miti msituni. Hizi huota kwenye udongo, huchanua wakati wa mvua, hasa kati ya Desemba na Aprili, kisha majani hukauka na mmea hubaki chini ya ardhi kungoja msimu mwingine. Ndiyo maana huweza kustahimili baridi kali ya Juni na Julai, na hata moto unaopita juu ya majani makavu. Mara nyingi chini ya shina mna viazi viwili. Kimoja ni cha mwaka uliopita, kimenyauka kwa sababu akiba yake imetumika kulisha ua la sasa. Cha pili ni kipya, kigumu, kimejaa wanga, nacho ndicho kitakachochipua mwakani. Mchimbaji hukitaka hicho cha pili, na kukichukua ni kama kumpokonya mkulima mbegu aliyoihifadhi darini. Mbegu za okidi zenyewe haziokoi hali kwa haraka. Ni ndogo mno, hazina akiba ya chakula ndani, na haziwezi kuota bila kukutana na aina fulani ya kuvu katika udongo. Mmea ukiota, huchukua miaka kabla ya kuchanua.

Hata hivyo watu walivila viazi hivi kwa vizazi vingi, na maua yakaendelea kuchanua. Kaskazini mwa Zambia, hasa kwa Wabemba, chikanda ni chakula cha heshima. Viazi vya okidi za jenasi za Disa, Satyrium na Habenaria hukaushwa na kutwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, kisha vikapikwa hadi vigande na kukatwa vipande. Familia iliyochimba kwa ajili ya chungu chake ilichimba kidogo, kwa msimu, karibu na nyumbani. Bonde likichoka, wa kwanza kujua alikuwa mchimbaji mwenyewe, maana alirudi na kikapu kitupu. Siamini kwamba watu wa zamani walikuwa na hekima ya uhifadhi kuliko sisi. Ninaamini tu kwamba umbali mfupi kati ya shimo na chungu uliwawekea mipaka ambayo hawakuhitaji kuiandika.

Umbali huo ulirefuka. Migodi ya shaba iliwavuta maelfu ya watu kutoka kaskazini kwenda mijini, na chakula cha nyumbani kikawafuata. Chikanda ikawa kitu cha sokoni, ikauzwa na wanawake kando ya barabara, ikaingia kwenye sherehe na hoteli, na ikapendwa na watu ambao mababu zao hawakuwahi kuila. Mahitaji ya miji yalipokua, mabonde ya Zambia hayakuweza kuyatosheleza, na wafanyabiashara wakatazama ng'ambo ya mpaka. Kufikia wakati huo barabara kuu na reli ya TAZARA, iliyoanza kazi mwaka 1976, zilikuwa zimekwisha kuiunganisha Tunduma, mji wa mpakani upande wa Tanzania, na miji ya Zambia. Sidai kwamba barabara iliua maua. Ila gunia lililojazwa Makete, wilaya iliyo kwenye Nyanda za Juu Kusini, lisingefika Lusaka kirahisi hivyo bila njia ya kupita.

Ushahidi wa kilichofuata uliandikwa mwaka 2003 na watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi, waliochunguza biashara hiyo katika Nyanda za Juu Kusini. Walikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivushwa kila mwaka kutoka Tanzania kwenda Zambia, na kwamba aina zipatazo 85 za okidi zilikuwa zikiguswa. Tusome hesabu hiyo tukikumbuka kwamba kila kiazi kilichovuka Tunduma ni mmea mmoja ambao mwakani usingechipua. Mwaka 2002 Rais Benjamin Mkapa alikuwa amekwisha kutangaza nia ya serikali ya kuigeuza Kitulo kuwa hifadhi.

Wapo watakaosema kwamba kwa hatua hiyo mambo yamekwisha: hifadhi ipo, askari wapo, maua yanachanua. Nakubali kwamba bila hifadhi hiyo huenda leo tungekuwa tunaisimulia Kitulo kama habari ya kale. Lakini historia ya chikanda inaonyesha biashara ambayo huhama kila mahali panapoisha au panapofungwa. Ilihama Zambia ikaja Tanzania. Imetafuta viazi pia Malawi, Msumbiji, Kongo na Angola. Na hata katika Nyanda za Juu Kusini okidi nyingi huota nje ya hifadhi, kwenye malisho ya vijiji na vilima vinavyogeuzwa mwaka hadi mwaka kuwa mashamba ya viazi mviringo na ya miti ya mbao. Mpaka wa hifadhi hauyagusi hayo.

Pingamizi zito zaidi ni la mnyonge. Mchimbaji wa Makete na mama anayeuza chikanda sokoni si matajiri. Kwa nini wao ndio wabebeshwe mzigo wa kuokoa ua? Swali hili ni la haki, na jibu lake haliwezi kuwa kuwakamata. Hata hivyo biashara hii haiwatunzi. Bonde likichimbwa lote, mchimbaji hubaki na mashimo, na mnunuzi huhamia wilaya nyingine. Wengine hushauri okidi zipandwe shambani. Utafiti wa kuziotesha unastahili fedha na subira, lakini mmea unaotegemea kuvu na unaochukua miaka kukomaa hautaweza kushindana kwa bei na kiazi kinachong'olewa porini bure.

Kwa hiyo kazi iliyobaki iko mpakani na sokoni. Okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao unataka kibali kabla ya kuvusha mmea au sehemu yake kwa biashara, na Tanzania na Zambia zote ni wanachama. Kiazi kikishatwangwa, jicho haliwezi kutambua ni cha ua gani, ingawa vipimo vya vinasaba vimekwisha kuweza kutaja aina zilizomo ndani ya kipande cha chikanda kilichopikwa. Serikali hizi mbili ziuhesabu mzigo mpakani, Tunduma na Nakonde iliyo upande wa Zambia, ukiwa bado viazi vizima. Tanzania iwape wanavijiji wa Makete na Mbeya mamlaka juu ya mabonde yao, pamoja na haki ya kuyapumzisha kwa zamu. Na Zambia iwaambie walaji wa Lusaka na Kitwe chakula chao kinatoka wapi. Bila hivyo Kitulo itabaki mahali pekee penye maua hayo, na wanunuzi watazidi kuizunguka.