Watu wa Bara (Garissa na Kaskazini Mashariki mwa Kenya)

Watu wa bara ni jina ambalo wakazi wa pwani na visiwa vya Afrika Mashariki huwaita wanaoishi mbali na bahari. Mmoja wao ni mtu wa bara au Mbara. Mpaka wa bara humfuata msemaji. Kwa Mzanzibari, hata Bagamoyo iliyo ufukweni ni bara; kwa mkazi wa Mombasa, bara ni upande wa kuelekea Nairobi. Hata Wabajuni, wavuvi na mabaharia hodari, huitwa pia Watikuu kutokana na nti kuu, nchi kavu ya kaskazini mwa Lamu.

Garissa. Kaunti hii imepakana na Lamu upande wa Ijara lakini haina pwani. Hapa watu hupambanuliwa kwa malisho, mji na mto Tana. Wasomali, walio wengi, hutumia neno reer, yaani watu wa mahali au wa ukoo fulani. Reer guuraa ni wafugaji wanaohamahama na mifugo, reer miyi ni watu wa nyikani, reer magaal ni watu wa mjini, na reer xeeb ni watu wa pwani.

Kando ya mto. Wamunyoyaya, wanaosema lahaja ya Kioromo, na Wapokomo hulima ukingoni mwa Tana, mafuriko yanapoacha udongo wenye rutuba. Kutoka mjini Garissa, ng'ambo ya daraja ni Madogo, katika Kaunti ya Tana River. Kwenye misitu ya Ijara wanaishi Waaweer, kwa jadi wawindaji na warina asali, ambao wengine huwaita Waboni.

"Kwenda Kenya". Msafiri wa Kaskazini Mashariki aendaye Nairobi husema anakwenda Kenya. Usemi huu una historia chungu: Waingereza waliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojumuisha sehemu hizi, eneo lililofungwa, na baada ya uhuru hali ya hatari ilidumu tangu Desemba 1963 hadi 1991. Wakazi walijiona wametengwa na nchi yao.

Matumizi. Mbara na Mboni ni majina ya kupewa, na yakitamkwa kwa dharau huumiza. Mwandishi mwadilifu hutumia jina ambalo watu wenyewe hujiita: Aweer, Munyoyaya, Pokomo, Msomali.