Tumwite Mwenye

Neno usonji limetufikia likiwa safi. Lina u- ya hali, kama ile ya utu na utoto, lakini mzizi wake haumletei msemaji wa kawaida picha yoyote: haukumbushi wazimu wala laana, na hauna ndugu aliyewahi kutumiwa kumtukania mtoto wa jirani. Wapo wanaouona ukimya huo wa mzizi kuwa kasoro, wakaona heri otizimu. Mimi nauhesabu kuwa bahati. Katika upande huu wa msamiati wetu, jina lisilo na historia ya matusi ni adimu.

Wengine hawakupata bahati hiyo. Daktari Mswisi Eugen Bleuler alipolibuni neno la Kizungu lililotupa otizimu, mwanzoni mwa karne ya 20, alichukua autos ya Kigiriki, yaani nafsi au mwenyewe, akiwaeleza wagonjwa aliowaona wamejifungia katika fikra zao. Mwaka 1943 Leo Kanner, huko Baltimore, akalitumia kuwaeleza watoto 11. Kiarabu kikapita njia hiyohiyo: tawahhud, kutoka mzizi wa umoja, uliotupa sisi wahedi na tauhidi. Fikiria tungefasiri mzizi kwa mzizi. Tungeishia kwenye upweke, au vibaya zaidi, ubinafsi. Na mama angeambiwa kliniki kwamba mwanawe ana ubinafsi.

Kimaori kimefanya jambo la kupendeza. Keri Opai, mtaalamu wa lugha wa New Zealand, alipotayarisha istilahi za afya zilizotoka mwaka 2017, aliita hali hii takiwātanga, kutokana na usemi wenye maana ya kuwa katika wakati wake na nafasi yake mwenyewe. Mwenyewe imerudi, lakini safari hii haimlaumu mtu. Inamruhusu.

Na mwenyewe inanipeleka kwa mwenye. Hapa Kiswahili ni tajiri. Mwenye mji, mwenye shamba, mwenye busara; hata Mwinyi Mkuu wa Unguja alibeba neno hilohilo katika cheo chake. Wasemaji wa Kiingereza wanabishana miaka nenda rudi: waanze na mtu ndipo waseme hali yake, au waiweke hali mbele kwa kuwa haitenganiki naye? Watu wazima wengi wenye usonji wanapendelea la pili. Kwetu mwenye hubeba yote mawili. Mwenye busara haivui busara yake mlangoni, na bado ni mtu kabla ya kuwa na busara. Ndiyo maana inauma kusoma gazetini “mwathirika wa usonji”, “mgonjwa wa usonji” au “anayesumbuliwa na usonji”. Mara nyingi kinachomsumbua mtoto huyu ni honi, lebo ya shati shingoni na watu wanaomcheka. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 inasema Watu Wenye Ulemavu, nasi hatuna sababu ya kurudi nyuma ya sheria.

Taahira, zezeta, punguani: haya hayahitaji kupimwa. Yaachwe. Mtindio wa ubongo ni jambo jingine. Wataalamu wengi hulitumia kwa hali inayogusa misuli na mwendo, na kulibandika juu ya usonji ni kumpeleka mzazi kwenye mlango usio wake. Wako pia wanaoilaumu ngeli ya KI-VI kwa kumweka kiziwi na kipofu pamoja na kiti na kisu. Siungani nao sana. Ngeli hiyohiyo imempa nafasi kiongozi na kijana.

Usonji una sura nyingi. Yupo anayesoma magazeti akiwa na miaka minne, yupo asiyetamka neno. Ili kuzikusanya sura hizo, Lorna Wing wa Uingereza alieneza dhana ambayo sisi tumeiita wigo wa usonji. Wigo limezoeleka, lakini kwa maana yake ya kale ni ua, kizuizi cha fito. Linamzungushia mtoto ua ambao wenye dhana walitaka kuufungua. Napendekeza mawanda ya usonji. Sikio linasikia uwanda humo, mahali pa wazi ambapo watu wawili wanaweza kusimama mbali sana na bado wakawa sehemu moja.

Tiba nayo inatuponza. Mzazi akisikia tiba ya usemi, anangoja siku ya kupona, na siku hiyo isipofika anahama kituo, au anahamia kwa mganga. Wizara ya Afya ya Tanzania inatumia utengamao kwa huduma za kumrudishia mtu uwezo wa kuishi maisha yake, nami nalipenda neno hilo kuliko tiba. Kutengamaa ni kutulia, mambo kukaa sawa. Linaahidi kinachowezekana. Na badala ya usemi tuseme mawasiliano, kwa sababu mtoto anayenyoosha kadi yenye picha ya kikombe ameshasema kiu yake. Kumwita bubu ni kukataa kumsikia. Anayerudia maneno yetu neno kwa neno naye anatafuta njia. Namna hiyo ya kusema naiita mwangwi, na mwangwi hauwezekani pasipo sauti iliyofika.

Malezi ni neno zuri lenye mwiba. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tunasema, na mama wa mtoto mwenye usonji anaisikia kama hukumu. Marekani ilipitia hukumu hiyo kwa lugha ya kitaalamu: Bruno Bettelheim, katika kitabu chake cha 1967, aliwatwika wazazi wenye moyo baridi lawama ya hali ya watoto wao. Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameshaipinga dhana hiyo kitabuni mwaka 1964. Methali yetu ibaki, ila isitumike mahali ambapo hakuna kosa la ulezi.

Nimeachia mwisho maneno mawili ninayoyapigania zaidi. La kwanza ni la kule kuyumbayumba kwa mwili, kupepea mikono, kuzungukazunguka. Wengi wanaita vituko. Ninasema kujibembeleza. Ndani yake mna bembea, mna na wimbo wa kumlaza mtoto. Huyu amejifunza kujifanyia mwenyewe yale ambayo mikono ya mama ilimfanyia.

La pili ni la pale sokoni, muziki ukivuma kila upande, bodaboda zikipiga honi, watu wakisukumana, naye anajitupa chini akilia na kujipiga. Wapita njia wanasema anadeka, ana kiburi, hakufunzwa. Kiswahili kilikuwa na neno siku zote: amezidiwa. Tunalitamka usiku mgonjwa anapobadilika, na nyumba nzima inaamka. Kauli ya kutendwa inaeleza kwamba kuna kitu kimemzidi, kwa hiyo kitu hicho kitafutwe na kipunguzwe. Anayedeka hukemewa. Mama akisema, “Amezidiwa, naomba mtupishe,” hata muuza nyanya asiyewahi kusikia usonji anajua la kufanya.