Reiki Hubadili Vazi Kabla ya Kupiga Hodi

Hawayo Takata alijua kuuza. Mjane huyu mwenye asili ya Kijapani, mzaliwa wa kisiwa cha Kauai mwaka 1900, alikwenda Japani akiwa mgonjwa mwaka 1935. Alitibiwa Tokyo katika kliniki ya Chujiro Hayashi, ofisa mstaafu wa jeshi la majini, akabaki hapo kujifunza. Aliporudi Hawaii mwaka 1937 alikuja na reiki: mganga huweka viganja juu ya mwili wa mgonjwa, au karibu nao, ili nishati ya uhai ipite.

Mwaka 1941 Japani ikashambulia Pearl Harbor. Mmarekani gani sasa angetaka tiba ya Kijapani? Basi Takata akasimulia kwamba mwasisi wa reiki, Mikao Usui, alikuwa Mkristo, mkuu wa chuo cha Doshisha, tena msomi wa Chuo Kikuu cha Chicago. Watafiti walipopekua kumbukumbu za vyuo hivyo hawakulikuta jina lake. Jiwe la kumbukumbu ya Usui, lililosimamishwa Tokyo kwenye makaburi ya hekalu la Kibudha, linasimulia mengine: alifunga siku 21 katika Mlima Kurama, kisha mwaka 1922 akahamia Tokyo na kuanzisha chama chake. Takata alifariki Desemba 1980 akiacha walimu 22, na ada ya ualimu ilikuwa dola 10,000.

Nilikuwa na habari hizo kichwani siku nilipolala mkekani hapa Kacyiru, mtaa wa Kigali, Rwanda, wenye wizara, balozi na Hospitali ya King Faisal, huku mwalimu mmoja wa yoga akishikilia viganja juu ya kifua changu. Joto nililisikia. Usingizi pia. Wageni, mwalimu huyo huwaambia ni nishati. Wanyarwanda huwaambia ni mapumziko na kupumua vizuri, maana muumini mmoja aliposikia neno nishati alichukua viatu vyake akaondoka. Takata angemwelewa mwalimu huyu mara moja.

Na yule muumini ana historia nyuma yake. Kabla Mapadri Weupe hawajafungua misheni ya Save mwaka 1900, Wanyarwanda walitafuta nafuu kwa abapfumu, yaani waganga wa jadi, na katika kubandwa, ibada za mizimu za Ryangombe, ambazo wamisionari walizihesabu kuwa kazi ya shetani. Uponyaji haukukoma, ila uliingia kanisani. Padri Ubald Rugirangoga, aliyepoteza mama yake na ndugu wengi katika mauaji ya kimbari ya 1994, alikusanya umati kuombea wagonjwa na kuhubiri msamaha hadi alipofariki Januari 2021. Maaskofu Wakatoliki wa Marekani, kwa upande wao, walishatamka mwaka 2009 kwamba reiki haifai katika taasisi zao.

Njia nyingine ya tiba za nishati kuingia Rwanda ilikuwa utafiti, wenye fomu na alama. Mwaka 2006 timu ya Wamarekani ilifika kituo cha yatima cha El Shaddai na tiba ya mwanasaikolojia Roger Callahan: unakumbuka tukio la kutisha huku ukijigongagonga kwa ncha za vidole usoni, kifuani na mikononi, mahali ambapo tiba ya Kichina husema nishati hupita. Vijana 50 walipewa kikao kimoja. Kwa tathmini ya walezi, waliokuwa juu ya kiwango cha kiwewe walishuka kutoka asilimia 100 hadi 6. Ni matokeo mazuri mno, na hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Jaribio lililofuata, lililochapishwa mwaka 2011, lilikuwa na watu wazima 145 walionusurika mauaji ya kimbari. Wengine walitibiwa kwanza, wengine wakasubiri zamu. Waliotibiwa walipata nafuu, na miaka miwili baadaye bado walikuwa nayo. Siwabishii nafuu yao. Lakini anayesubiri hapewi chochote, hata mtu mtulivu wa kukaa naye, kwa hiyo huwezi kujua kilichosaidia ni nishati au ni yule mtu. Ningependa kuona kundi la tatu, lililoambiwa ligongegonge magoti tu.